Furu Aliyefumba Mdomo

Mkolani, Mwanza

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Hapa hatujambo. Mama yako amevuka kwenda Sengerema kumwona shangazi yako, aliyejifungua salama.

Umeniuliza kama uyatoe mayai mdomoni mwa samaki wako, kwa kuwa siku nyingi hajala. Mimi niliwahi kuyatoa.

Miaka ile ya tisini sangara walikuwa karibu kuwamaliza furu, wale samaki wadogo kama wako, ziwani. Babu yako aliniletea wawili kwenye ndoo, dume na jike, nikawafuga kwenye tangi la kioo. Jike alipotaga, aliyabeba mayai mdomoni, akakonda mpaka mgongo ukachongoka.

"Atakufa huyu," nikasema.

"Mwache," babu yako akanijibu. "Anajua anachofanya."

Sikumsikiliza. Nilimnasa kwa wavu, akayatema mayai yote kwa hofu, nami nikayaweka kwenye bakuli. Kumbe mayai yale hayatakiwi kutulia. Mama yao alikuwa akiyageuza mdomoni muda wote. Siku tatu tulipokezana na babu yako kupuliza hewa majini kwa mrija wa mpira ili yazunguke, mashavu yakituuma, na kila tulipochungulia tulikuta mengine yameoza.

Walitoka wanne tu. Niliwalea, wakakua. Lakini mama yao alizunguka tangini siku kadhaa, akifungua na kufumba mdomo mtupu, nami nikashindwa kumtazama.

Wako mwache, mjukuu wangu. Najua inavyotisha kukaa tu na kuangalia. Kaa hivyo hivyo.

Akupendaye,
Bibi