Nyumba ya Kale Iliyokuchukua

Baba Zuhura,

Naogopa. Tangu asubuhi nimekaa kwenye cherehani yangu hapa ugenini, Yeoville, na sijashona hata pindo moja. Leo mwanao anashuka ndani ya lile shimo.

Unalijua. Lile birika la maji chini ya nyumba ya Wakarthago wa kale kule Tunisia, alikokupeleka yule profesa aliyependa kazi yako ya mawe, ukalikarabati. Ulikuwa ukinipigia simu kwa furaha ya bwana harusi: sakafu nyekundu yenye chembe nyeupe, miaka elfu mbili na ushee na bado inang'aa! "Mama Zuhura, watu hawa walikuwa wanaoga wamekaa, kama wewe na beseni lako!" Nilicheka. Wiki ileile udongo ukakuangukia.

Zuhura alikuwa na miaka tisa. Sasa anasomea mambo ya kale chuoni, na katika magofu yote ya dunia akachagua yale. Nikamwambia, "Mbona hata Kilwa yapo, mwanangu?" Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba baba hakumaliza kazi.

Sikuwa mwema, mume wangu. Nilichukua pasipoti yake nikaificha chini ya majora ya vitambaa. Siku mbili akapindua nyumba nzima. Siku ya tatu akakaa sakafuni akalia bila sauti, kama ulivyolia wewe mama yako alipozikwa Tanga nawe huku huna karatasi za kusafiria. Nikashindwa. Nikaitoa. Akaitazama, akanitazama. Hakunigombeza. "Eish, Mama," alisema tu, akanikumbatia.

Jana akanionyesha kwa simu. Kumbe nyumba yenyewe ndogo! Kuta zinafika magotini, na mdomo wa birika ni mwembamba, mtu anapita kwa shida. Wameweka mbao na vyuma kuzuia udongo. Akavigonga kimoja kimoja ili nisikie. Lakini mimi niliona giza la chini tu.

Ngoja, simu inalia.

Ni yeye. Amepanda, yu mzima, ana vumbi mpaka kwenye kope. Anasema ukutani, chini kabisa, ameona chokaa uliyopaka wewe, na alama za vidole vyako vitatu zimebaki humo. Ameweka vyake juu ya vyako. Tukasikilizana tu tukipumua.

Kesho anashuka tena. Na keshokutwa. Hofu haijanitoka, Baba Zuhura, nisikudanganye. Kila simu ikichelewa nasimamisha cherehani. Ila nakuahidi: sitamfichia kitu tena, wala sitamwita arudi kabla hajamaliza.

Pumzika, mume wangu. Mungu akuweke pema. Mimi nitapumzika siku akirudi.

Mkeo,
Mama Zuhura