Mawe ya Mbabe

Nyumba ya kona,
Mkabala na duka la dawa.
Jumapili, 14 Juni

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umesimama, na mgongo umeacha kukusumbua. Baridi ya huko nasikia haina adabu, kwa hiyo vaa zile soksi nilizokutumia, usiziweke kabatini zikazeeka kabla yako. Sisi hatujambo. Mume wangu bado anapiga randa na kukohoa vumbi la mbao, na watoto wanakua pamoja na njaa yao.

Kabla ya yote, asante. Najua utauliza asante ya nini, basi tulia nikusimulie.

Akwaria uliyoniachia ulipohama ipo sebuleni, kando ya cherehani yangu. Samaki wako wa ziwani ni wakorofi vilevile. Dume la bluu, yule uliyemwita Mbabe, ameshika pango la katikati na hataki hata kivuli cha mwenzake kipite mlangoni. Mwezi uliopita aliwararua majike mapezi mpaka wakafa, akabaki mmoja tu. Nikawa nashona huku jicho moja liko kwenye kioo. Ukoo uliouhangaikia miaka yote ile ungeishia mikononi mwangu, ningekuambia nini?

Na humu ndani nako hakukuwa na amani. Mama mkwe alihamia kwetu baada ya kuvunjika nyonga, na nisikufiche, hatukuivana. Asubuhi anahamisha sufuria zangu, jioni nazirudisha. Hakuna aliyemtukana mwenzake, lakini vifuniko vilisema kwa niaba yetu. Mume wangu akajifanya ana kazi nyingi karakanani. Mwishowe nikaona begi la mama limefungwa, liko mlangoni. Alisema anarudi kwake, akafe kwa raha. Na kwake, Mjomba, hakuna mtu.

Siku hiyohiyo nilitoka kupeleka nguo za mteja, kurudi nikakuta jike hayumo.

Kumbe mama mkwe kamtoa! Alimwona hali chakula, tena mashavu yamevimba, akaamua samaki anaumwa jino. Kamtia kwenye ndoo na mrija wa hewa, kakaa kwenye stuli anambembeleza: "Kula kidogo mwanangu, upate nguvu."

Nilifungua mdomo nigombe, nikakumbuka somo lako: jike wa aina hii hulea mayai kinywani, na muda wote huo hali kitu. Mimi niliyemkodolea macho kutwa sikuona. Angebaki na Mbabe, leo ningekuandikia mengine. Nilipomweleza mama, alicheka mpaka machozi, halafu akasema ataondoka akishawaona wajukuu. Begi likabaki mlangoni, tukawa tunaliruka.

Wajukuu walitoka, wadogo kama ufuta wenye macho. Tukawahamishia kwenye beseni lao, jike tukamnenepesha, ikafika siku ya kumrudisha. Nikaanza kutoa mawe yote, kama ulivyonionyesha.

Mama akashtuka. "Unawabomolea wenzio nyumba?"

"Mawe yakikaa palepale, Mbabe atajiona mwenye nyumba, amfukuze huyu anayerudi. Tukiyapanga upya, wote wanakuwa wageni."

Akachukua jiwe, akaligeuzageuza, akanipa. Kisha akasema bila kunitazama, "Mbona jikoni hukunifanyia hivyo?"

Nililia, mikono imo majini.

Kesho yake tulitoa vyombo vyote jikoni, hadi kijiko cha mwisho. Ndipo nikajua kwa nini alikuwa akivihamisha: rafu ya chini hawezi kuinamia. Hakutaka kusema, asionekane mzigo. Mume wangu amepiga rafu mpya, usawa wa kiuno cha mama. Sasa hata mimi nauliza chumvi iko wapi.

Mbabe alizunguka siku nzima akitafuta pango lake. Jike yu hai, na vifaranga wanaanza kuonyesha rangi. Ukoo wako upo, Mjomba.

Mama mkwe anakusalimu, na anauliza kama huyo Mbabe alilelewa na mtu. Dada yako, yaani mama yangu, anasema piga simu. Watoto wanakuamkia. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe salama uje uwaone.

Begi la mama halipo tena mlangoni. Nilimwomba, akanipa, nimetia vitambaa vyangu vya mabaki. Ulidhani umeniachia samaki, Mjomba. Umeniachia mama.

Ni mimi mpwa wako nikupendaye,
Sindano