Mgeni Aliyesahauliwa Kuwa Mgeni

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mjuzi wa yaliyofichika vifuani. Amani ikufikie wewe na wote walio nyumbani mwako.

Mpendwa mshauri Bi Naima, naomba msaada wako, kwani mimi ni mzee wa miaka hamsini na tisa, fundi wa mashine ya kukoboa mpunga hapa Chimala, mzaliwa wa Karonga, Malawi, na kwa kuwa sisi Wangonde na Wanyakyusa wa Kyela husalimiana kwa lugha moja, miaka yangu hapa imepita kama ukungu juu ya majaruba, hakuna aniitaye mgeni, hata mwajiri wangu Zubery, aliyeniombea vibali vya kazi na ukaazi, amesahau kuwa vinakwisha mwisho wa mwezi ujao, nami naona haya kumkumbusha, nikichelea ataniona mzigo na kumchukua fundi mwingine.

Nilipomweleza rafiki yangu Anyitike, Mnyakyusa, alicheka sana, akanisalimu kwa lugha yao. "Ndaga, mzee mwenzangu! Mgeni gani huyu anayejua Kinyakyusa kuliko wanangu? Jumatatu twende, nitaapa kuwa wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja, ulizaliwa Kyela, nawe utajiandikisha kwa jina la ukoo wetu. Upate kitambulisho cha taifa, ulale."

Nilikubali, Mungu anisamehe. Tangu siku hiyo naota ndoto moja: navuka Mto Songwe kwa miguu, maji meupe kama tui hayanilowanishi, na ng'ambo marehemu mama ananiita kwa jina alilonipa baba, sauti naisikia, jina silitambui. Niamkapo chumba kinanukia pumba, nami nahisi bado nimo mtoni. Nifanye nini?

Fundi, Chimala (jina nimelihifadhi)

*Bi Naima anajibu:*

Shikamoo, mzee wangu. Nimekusoma mara mbili. Kwanza nimekuhurumia, kisha nimekasirika. Wewe uliyeanza barua kwa jina la Mungu, Jumatatu ungeliapia uongo jina hilohilo? Anyitike anakupenda, lakini mapenzi yake yatawafikisha nyote wawili mahakamani. Mwambie leo kwamba safari hiyo haipo.

Na kuona haya ni kwa nini? Mashine ya Zubery ikianza kutoa moshi, utanyamaza kwa adabu? Mwambie kesho asubuhi, kabla hajaketi. Kibali huombwa na mwajiri, tena mapema. Chukua pasipoti yako, hakikisha nayo haikaribii kuisha, mwende pamoja Uhamiaji na ofisi ya kazi Mbeya, mkaulize kinachotakiwa. Nakala ya kila karatasi ikae kwako, si kabatini kwake. Wala usishike kazi ya mtu mwingine, maana kibali chako ni cha mwajiri huyo mmoja.

Huenda wakakataa, sitakudanganya. Basi utavuka Songwe mchana, darajani, huku umeinua uso.

Kulihifadhi jina lako gazetini si kosa. Kuliapia jingine ni kulizika, na hapo mama atakuita hadi asubuhi usiitike. Mungu akulinde wewe, na jamaa zako wa ng'ambo zote mbili, na kila nyumba isomwamo barua hii, akujalie kuitika uitwapo kwa jina lako.