Waya Mbili Chini ya Bati

Noella mwanangu,

Minye naenda Kilibula kwa fundi Bruno, kutafuta filtre ya kuweka ku modem, ile ya kuzuia umeme wa frigo usisumbue internet. Ukitoka masomo, USIWASHE FRIGO mpaka Papa amalize kuongea. Atapiga video saa tisa. Kesho asubuhi watamupasua ku hospitali kule Bukavu. Zile samaki za mu frigo, mikeke, zikianza kuyeyuka, ~~tia chumvi~~ peleka kwa Mama Naomie, jirani. Na kama zinaoza, zioze.

Asubuhi nilikugombeza mbele ya watu, nikasema weye ndiye unamaliza connexion na video zako. Kumbe hapana. Ulipoenda, Bruno alipanda juu, chini ya bati, akakuta waya ya internet imefungwa pamoja na waya ya frigo, kwa kamba moja. Kila frigo ikianza kunguruma, laini inaharibika. Ndiyo maana jana Papa alikatika mara tatu, na mara zote tatu alikuwa anaanza, "Mama Noella, sikia..."

Ni minye nilizifunga. Siku ile maji ya mto Mulongwe iliingia mu nyumba, niliinua waya zote haraka haraka, nikazikaza pamoja, sikujua. Bruno amezitenganisha, lakini anasema mpaka filtre ifike, frigo bado inaweza kuharibu laini. Usizisogeze hata kidogo!

Unisamehe.

Kama saa tisa sijafika, pokea weye. Usimwambie kama nalia. Muulize tu alitaka nisikie nini, halafu uandike hapa chini. Usiruke hata neno moja.

Mama yako

Papa amesema: .................................