Bibi Marita kwenye Picha ya Mzungu wa Mawe

Ferista, acha unachofanya. Nimeipata ripoti ya yule mzungu wa mawe, mtafiti wa miamba, aliyemfuata bibi yangu Marita mwaka 1953. Nimekasirika kweli!

Unajua bibi alikuwa mfinyanzi, udongo aliuchimba kwenye bonde la Songwe tangu usichana. Mzungu akamuuliza mbona tope limerundikana nene chini ya genge la mwamba, kule mbali ni jembamba.

Bibi akashangaa mtu mzima kuuliza hilo. "Bwana, ardhi ikitetemeka, bonde linazama kidogo hapo kwenye ufa, chini ya genge. Mto unaleta tope, unajaza. Ikitetemeka tena, linazama tena."

Mzungu akacheka! Ferista, alimcheka bibi! Akamwambia asimame tu kwenye ukuta wa korongo, apigwe picha.

Sasa soma ripoti. Linazama, linajaa, linazama tena. Maneno ya bibi yaleyale, eti "nimegundua"!

Bibi alikufa akijivunia kwamba picha yake imefika Ulaya.

Nimeiona. Jina hamna. Chini wameandika: "Mwanamke amesimama kuonyesha kimo cha ukuta."

Si wangesimamisha jembe tu?