Siku Treni Ilipoondoka na Salwa

Ijumaa, mwanzo wa Juni. Nje kunachoma, ndani AC inavuma kama imekasirika.

Alasiri imeshasaliwa na hapa Wadi Kabir, Maskati, hakuna anayetoa pua nje. Hata magereji ya nyuma yetu yamenyamaza. Mama kalala. Mie nimekaa jikoni, kompyuta juu ya meza ya kukatia mboga, maana nikijitupa kitandani sitoamka leo.

Nimechoka.

Haya, nimeliandika. Nalizunguka neno hili tangu Jumatano niliporudi kutoka Ufaransa. Kila anayenipigia kuuliza khabari za safari namwambia nzuri, alhamdulillah, nimechoka kidogo tu na ndege. Ndege gani! Uchovu wa ndege unalala, ukiamka umekwisha. Huu wangu una miaka sita.

Miaka sita tangu Mama apate kiharusi. Upande wake wa kulia haufanyi kazi. Asubuhi namuosha, namvisha, namlisha, kisha naendesha gari mpaka Rusayl, kwenye kiwanda cha mabomba ninakopanga mizigo inayotoka. Jioni narudi namuosha tena, na kabla ya kulala namgeuza. Wafanyakazi wa nyumbani tulijaribu wawili. Wa kwanza alidumu siku tisa. Wa pili, masikini, hakufika hata Ijumaa. Mama kasema waziwazi: "Sioshwi na mtu nisiyemzaa."

Na kazaa wawili tu. Mie, na mdogo wangu Salwa, ambaye yuko Lyon mwaka wa kumi na moja huu. Alikwenda kusoma, akabaki. Anafanya kazi kwenye maabara ya kupima damu, na mwaka huu ndiyo kwanza wamempa ajira ya kudumu, baada ya mikataba ya miezi sita sita isiyokwisha.

Basi nilichukua likizo. Binamu yetu Fatma, ambaye Mama alimlea na kwa hivyo anamhesabu nusu mtoto, akaja kukaa naye wiki moja. Mama alinipa ujumbe mmoja tu: "Muulize Salwa kama anawaza kurudi kwao. Muulize tu, usimlazimishe."

Muulize tu. Nilikaa Lyon siku sita sikumuuliza.

Siku ya kwanza nilijiambia ngoja nipumzike. Ya pili alinipeleka sokoni kando ya mto, nikaona si pahala pake. Ya tatu alipika biriani, na nani anaanzisha maneno kama yale biriani iko mezani? Ya nne alinionesha maabara yake kwa nje, dirisha lake la ghorofa ya tatu, akalitazama vile watu wanavyotazama nyumba waliyoijenga wenyewe. Hapo ndipo nilipofunga mdomo kabisa. Kweli yangu ni kuwa nilikuwa na khofu atasema hapana, halafu nirudi nyumbani na ile hapana, niishi nayo.

Jumanne asubuhi akanipeleka stesheni. Nilikuwa na treni ya kasi ya kwenda Paris, moja kwa moja, haisimami popote njiani, kisha ndege ya kurudi Maskati. Gari kaiacha mbele ya stesheni, pahala pasiporuhusiwa, taa za dharura zinawaka. "Dakika mbili tu, dada," kanambia. "Nakuweka kwenye kiti, narudi."

Sasa sisi kumsindikiza mtu si kumpungia mkono kwa mbali. Msafiri anasindikizwa mpaka akae, mzigo wake uwekwe, asomewe dua. Uwanja wa ndege wa Maskati nimeshaona watu kumi na tano wanamsindikiza mmoja anayekwenda Dubai kwa siku mbili. Na Salwa, ambaye mashangazi wanasema kashakuwa Mfaransa, ndiye aliyeng'ang'ania kuingia ndani.

Begi nilishindwa kulinyanyua mpaka juu ya rafu. Bega langu la kulia halipandi tena, na begi limejaa soksi za sufu na mafuta ya kumsugulia Mama. Salwa akalichukua, akalisukuma juu, akalitazama bega langu. Kisha akaniwekea mkono kichwani, akafunga macho, akaanza kunisomea. Na Salwa akianza dua hana haraka. Kamuombea marehemu Baba, kamuombea Mama, kawaombea Waislamu wote walio safarini nchi kavu na baharini, ndipo tukasikia pii, pii, pii.

Milango ya treni zile inafungwa dakika mbili kabla ya wakati wa kuondoka, na ikishafungwa imefungwa. Salwa analijua hilo kuliko mie ninavyojua njia ya Rusayl. Alikimbia, akabonyeza kitufe, akakipiga kofi. Treni ikaanza kuteleza kimya kimya, stesheni ikarudi nyuma na sisi wawili ndani.

"Loh! Gari yangu!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mungu anisamehe, ni mara ya kwanza mwaka huu nimecheka vile. Naye alinitazama kwa hasira, kisha midomo ikamshinda, akacheka pia.

Viti vyote vilikuwa vimejaa, na mie sikutaka kukaa kwenye changu yeye amesimama. Tukakaa sote mlangoni, karibu na mizigo, kwenye vile viti vidogo vya kukunja. Mkaguzi wa tiketi akapita, msichana mpole, Salwa akamweleza kisa chote huku mikono inaruka. Msichana akauliza: kwani hamkuweza kuagana nje? Salwa akanitafsiria. Tukacheka tena. Tungemweleza nini? Akamkatia tiketi, akatutakia safari njema, akaenda zake akitikisa kichwa.

Ile kasi wanayoisifia mie sikuihisi. Nilikuwa natazama ng'ombe weupe mashambani, nikitaka kumuonesha Salwa wameshapita. Masikio tu, kila tukipishana na treni nyingine, yanaziba. Basi hapo, tumebanana na masanduku ya watu, hana pa kwenda wala mie sina, akaniuliza.

"Bega lako lina nini?"

"Uzee."

"Dada."

Nikajifanya natafuta tiketi yangu. Akauliza tena, sauti imeshuka: "Mama hajambo kweli?"

"Hajambo."

"Kakutuma kitu?"

Ningeweza kusema kweli. Kweli ilikuwa nyepesi: kasema nikuulize tu, na mie, kwa upande wangu, siwezi tena. Nikasema hivi: "Mama anakutaka. Anataka urudi."

Uso wake uliishiwa rangi. Akanishika mkono. "Kasema hivyo mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Aligeukia kioo. Kisha akasema: "Basi ntarudi. Jumatatu ijayo nawapa barua ya kuacha kazi."

Hata hakubisha. Nilikuwa nimejitayarishia ubishi wa siku nzima, na yeye kakubali mara moja. Mbele yetu kulikuwa na saa nzima ya safari. Nilikaa na uongo wangu saa nzima, bega kwa bega naye, na sikuurudisha. Alilaza kichwa chake kwangu, kwenye bega lile lile bovu, na sikumwambia linauma.

Kwa nini nimtie Mama mbele? Kwa sababu "Mama anakutaka" hakuna anayeikataa. "Mie nimechoka" watu wanaijibu kwa "Mungu atakulipa". Nimeambiwa Mungu atakulipa miaka sita, na nnaamini atanilipa, lakini nilitaka pia mtu wa kunishikia Mama upande wa pili ninapomgeuza.

Paris tuliagana upesi. Yeye alikuwa atafute treni ya kurudi Lyon, aifuate gari yake, ambayo kumbe ilikuwa imeshavutwa na polisi. Alinikumbatia kwa nguvu mpaka nikashangaa.

Jumatano nikafika nyumbani. Sikusubiri hata kubadilisha nguo. Nikamwambia Mama: anarudi, anaacha kazi, anakuja.

Mama alilia. Upande mmoja wa uso unacheka, upande mwingine umetulia, machozi yanashuka pande zote mbili. Akajifuta kwa mkono wake mzima, akavuta pumzi, akasema: "Alhamdulillah. Nimefurahi. Sasa mwambie asije."

"Vipi asije?"

"Aache kazi yake aje kunitazama mie? Haiwezekani. Nilikuwa nnataka kujua tu kama bado anawaza kwao. Nshajua. Mwambie asije. Wewe upo."

Wewe upo.

Nilikwenda jikoni nikakoroga uji. Niliukoroga mpaka ukashika chini. Nnaona haya kuandika, lakini hapa si pahala pa kujipamba: nilimchukia Mama. Kidogo tu, kiasi cha sufuria moja ya uji. Mwanamke hawezi kujigeuza kitandani na mie nimesimama jikoni namkasirikia. Kazi ya Salwa ni ya kuhurumiwa, isiguswe. Mie nimeumbwa nipo tu, kama ukuta.

Siku mbili hizi Salwa ananitumia ujumbe. Kaulizia masanduku ya kusafirishia vitu. Majirani kawagawia miti yake ya varandani. Mie namjibu kwa vijimoyo, zile picha ndogo za moyo za kwenye simu. Mtu mzima, mvi zimejaa, najibu kwa vijimoyo.

Nikimwambia Salwa kuwa Mama kasema asije, hatokuja, na mie nitabaki hivi hivi mpaka mmoja wetu atangulie. Nikinyamaza, Jumatatu anaipeleka barua, kazi aliyoisubiri miaka yote ile imekwenda kwa uongo wangu. Nimejaribu kuitafuta njia ya tatu ambayo mie sionekani mbaya. Haipo.

Nimesita hapa kuandika. Nimechukua simu.

Nimemuandikia hivi, nakiri neno kwa neno: "Salwa, Mama anasema usije. Na kwenye treni nilikuongopea. Hakusema anakutaka, alisema nikuulize tu. Anayekutaka ni mie. Nimechoka, siwezi tena peke yangu. Nisamehe. Barua usiipeleke kwa ajili ya uongo wangu."

Nikaiweka simu kifudifudi, nikaosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

Hakujibu kwa maandishi. Kapiga. Analia hata maneno hayatoki.

"Hafi?"

"Nani?"

"Mama. Kumbe hafi?"

Hapo ndipo nilipoelewa.

Alipokufa Baba, Salwa alikuwa mwaka wake wa tatu kule. Sisi mtu aliye mbali hatumpi khabari ya msiba kwa simu, tunaogopa itamkuta peke yake, barabarani, hana wa kumshika. Tunamuita tu, aje, ayakute nyumbani. Basi alipigiwa simu akaambiwa: Baba anakutaka, panda ndege uje. Alifika siku ya pili na viatu alivyomnunulia Baba, Baba keshazikwa. Aliyepiga simu ile ni mie.

Na mie huyu huyu nikamwambia kwenye treni: Mama anakutaka. Halafu nikashangaa mbona kakubali upesi.

Tangu Jumanne mdogo wangu anamlilia Mama aliye hai. Anakwenda kazini analia, anarudi analia, na kila akiniuliza kama Mama kala, namtumia kijimoyo, na yeye anaona ndiyo nazidi kumficha.

Nimemuomba radhi mpaka koo limenikauka. Kanitukana. Kanambia sina adabu, sina imani, nna moyo wa jiwe, na yote nimeyapokea, haki yake. Kisha nikamsikia anapenga kamasi.

"Barua siipeleki," akasema. "Nilikuwa naacha kazi nije nimuage Mama. Ikiwa aliyechoka ni wewe, hilo lina dawa. Ntaomba miezi sita bila ya mshahara. Nakuja, nawe unatoka humo ndani."

"Nende wapi?"

"Popote. Nenda kalale, we dada! Kwani miaka yote hii ulikuwa huna mdomo?"

 Nililia mie sasa, na yeye akasubiri nimalize, hakuniambia Mungu atanilipa. Mwisho akasema jambo moja: Mama nimwambie mimi, leo, na nisimtie Salwa mbele.

Najua itakavyokuwa. Atanuna. Atasema yeye hakumlemea mtu, tena atagoma kula. Labda atalia, na mie Mama akilia huwa naahidi kitu chochote. Naogopa kuinuka kwenye kiti, kwa sababu miaka sita amenisikia nikisema "haina tabu Mama", na leo atasikia kuwa ilikuwa na tabu siku zote.

Kaamka. Ananiita, mara ya pili sasa.

Nakwenda kumwambia Mama kuwa Salwa anakuja kwa sababu mie nimechoka. Safari hii nasema kwa kinywa changu.