Matundu Manane ya Gereji

Stanleyville, tarehe 11 Februari 1965

Kwa Yaya wangu Mwanahamisi, huko Yanonge,

Asalaam alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba kikohozi cha Nyota kimepungua. Huku Mungu ametubakiza. Mama anakula vizuri, ila magoti yanamsumbua. Soko limefunguliwa, na Wagenia wamerudi kwenye mitego yao ya samaki. Barua uliyompa Désiré, yule muuza chumvi, niliipata juzi, nikaisoma mara tatu.

Umeniagiza niende kwa wanajeshi wa serikali nikawaambie kwamba Georgette, mpangaji wako, ndiye aliyemtilia sumu marehemu mume wako, na kwamba aliwapikia waasi. Yaya, siku hizi mtu akitajwa hivyo hapa mjini harudi nyumbani. Sikwenda. Kabla hujanikasirikia, nakuomba usome mpaka mwisho.

Unakumbuka Juni ya mwaka jana, shemeji Asumani alipoamua kuifunga hangari ya motokari. Ilikuwa nguzo nne na mabati tu, na Peugeot yake ikionekana toka barabarani kama bibi harusi. Vita ilikuwa inakuja toka mashariki, na kila mwenye bunduki alikuwa anajichukulia motokari za watu. Nilimwahidi kuta kwa siku nne. Lakini Papa Cyprien wa ofisi ya majengo akaja na mita yake. Alitaka sakafu iwe chini kuliko kizingiti cha nyumba, ili petroli ikimwagika isiingie vyumbani. Alitaka matofali ya kuchoma upande wa nyumba. Na alitaka matundu manane ya kutoa moshi, manne chini na manne juu. Ukuta mmoja alinibomolesha kabisa. Nilimcheka mbele ya mafundi wenzangu, nikasema tuna miaka minne ya uhuru na mzee huyu bado anatupimia kwa sheria za Wabelgiji.

Julai akatia sahihi, nawe ulikuwa umeshaondoka kwa mtumbwi na watoto. Kesho yake shemeji alisimama barabarani, akainama, akaniita. «Lukumani, batu iko naona motokari bado. Ziba ile matundu.» Neno hilo nitalirudia.

Waasi walipoingia mjini, motokari ilikaa ndani bila kutoka. Ili batri isife, shemeji alikuwa akingoja mvua kubwa, anafunga mlango, anawasha moto wa injini wakati mabati yanapiga kelele, watu wa nje wasisikie. Sisi wa nyumbani tulijua. Jumatano moja ya Septemba Georgette alimletea sahani ya pondu na samaki. Alipomaliza kula, mvua ikashuka, naye akaingia gereji. Mvua ilipokatika nilifika mimi, nikamkuta kwenye usukani, moto wa motokari ungali unawaka.

Kwenye matanga wengine walisema ni moshi. Papa Cyprien akaenda kutazama mwenyewe, akarudi akasema kwamba kwa matundu yaliyo wazi namna ile, mtu mzima hawezi kufa upesi hivyo. Basi macho yote yakahamia kwenye ile sahani. Georgette alilia mpaka sauti ikakauka. «Miye nilimupatia chakula tu, papa. Na miye nilikula ile ile.» Hakuna aliyemsikiliza. Tangu siku ile hakuna anayenunua mikate yake. Mimi nilikuwa nimekaa pale kwenye mkeka, Yaya, na sikusema kitu.

Matundu yale niliyaziba mimi. Niliyaziba yote manane, kwa vipande vya matofali na udongo, nikapaka chokaa juu, siku ileile shemeji aliponiambia. Na siku niliyomkuta, nilimvuta nje, nikamlaza kwenye majani, nikaweka sikio kifuani. Hakukuwa na kitu. Kabla sijamwita mtu yeyote nilichukua nyundo. Nilimwacha mume wako kwenye maji ya mvua, nikayatoboa matundu yote, nikatia vipande ndani ya mfuko wa saruji na kuuficha. Ndipo nikapiga kelele. Papa Cyprien hakukosea, alihukumu kile nilichomwonyesha.

Jana nilimwendea nikamwambia. Alisema labda matundu yangempa shemeji nafasi ya kusikia kichwa kinauma na kutoka, labda hapana. Halafu nilikwenda kwa Georgette. Alikuwa anaosha sufuria. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akafunga mlango. Naona haya mpaka sasa.

Kesho Ijumaa, baada ya sala, nitasimama mbele ya watu niseme. Sitangoja jibu lako, maana nikingoja nitapata sababu ya kunyamaza tena. Barua yako nimeichoma. Hasira uliyoiandika humo ni yangu, nami naipokea.

Nisalimie wazee wa huko na majirani wote waliowapokea. Mama anawaombea. Nyota sasa ana akili ya kutosha. Msomee barua hii wewe mwenyewe, asije akaambiwa na watu wa mtoni kwamba tonton wake, mimi mjomba, alitangulia kushika nyundo, kisha ndipo akamlilia baba yake.

Mimi mdogo wako,
Lukumani, fundi mwashi